Jitu la Darajani

Katika studio ya gemu hapo Montréal, mbunifu haruhusiwi kumsaidia mchezaji wa majaribio hata kwa neno moja. Mbunifu Maëlle alikaa nyuma ya mchezaji wake, Bi Gervaise, mwalimu mstaafu, akiuma kucha. Mama huyo akishindwa na jitu la darajani, hatua ya gemu ambayo Maëlle aliihangaikia mwaka mzima ingefutwa.

Hatua mbili za mwanzo Bi Gervaise alizipita akipiga mluzi. Darajani jitu lilimponda mara tisa.

"Mwanangu, aliyelitengeneza dude hili alinyimwa maziwa utotoni?"

Maëlle mwenyewe alilishinda jitu hilo hata akiwa anakula, kwa kubiringika tu chini ya rungu lake. Ndipo alipogutuka: Bi Gervaise hakuwa amebiringika hata mara moja. Angejulia wapi? Hatua za mwanzo zilikuwa mteremko mtupu.

Bosi wake, Réjean, akachungulia mlangoni. "Vipi, tunafuta?"

"Nipe saa moja tu, bosi. Tafadhali."

Réjean akakubali, na katika hatua ya kwanza Maëlle akatundika gogo linalobembea, ambalo halipitiki bila kubiringika. Bi Gervaise akarudi mwanzo. Gogo likamwangusha, akalaani, akabonyeza kila kitufe mpaka akapita chini yake.

"Kumbe!"

Darajani rungu liliposhuka, alibiringika, akaibukia mgongoni mwa jitu na kulichoma mkuki.

"Lala hapo, mpumbavu wee!" akapiga kelele, amesimama.

Réjean alicheka. "Haya, Maëlle. Daraja lako linabaki."