Ubeti wa Jonah

Kipkorir alijua kwamba jina la Jonah halimo katika santuri. Alijua tangu Nairobi, na kwa wiki sita hakuwa amemwambia mtu. Sasa ilikuwa Jumapili ya Agosti 1957, santuri zimefika, na hoteli ya Nyakundi pale Sotik imejaa wachuma chai hadi mlangoni. Jonah mwenyewe alikuwa ameketi mbele kabisa na koti lake la kanisani, mkewe Tecla ubavuni.

Jonah ndiye aliyemfundisha gitaa. Nyimbo alizitunga yeye, wakaziimba wawili katika arusi za kila mahali, kuanzia Londiani hadi Longisa, mpaka mashine ya kiwandani ilipomla vidole vinne vya mkono wa kushoto. Kampuni ya santuri ilipomtaka Kipkorir peke yake, santuri nne nzima, Jonah hakununa. Aliomba kitu kimoja tu: ubeti wa mwisho wa wimbo wao mkubwa, unaosema kwamba mtungaji ni Jonah wa Kapkatet, usiachwe.

"Haki ya Mungu," Kipkorir aliapa.

Huko Nairobi, Mzungu wa mitambo akamwambia upande mmoja wa santuri ni dakika tatu. Wimbo umezidi, akate ubeti. Ulikuwepo ubeti wa kumsifu Nyakundi, aliyemlipia nauli na ambaye ndiye angeziuza santuri zenyewe. Kipkorir akakata wa Jonah. Ni woga tu, wala tusiutafutie jina zuri.

Nyakundi akazungusha mkono wa gramafoni. Wimbo mkubwa ukaanza, vigelegele vikapigwa, na jina la Nyakundi lilipotajwa hoteli nusura ianguke. Kisha sindano ikafika mwisho, ikabaki inakwaruza.

"Itakuwa iko upande ile ingine," Jonah akamwambia Tecla.

Wakageuza. Hakuna. Wakaweka santuri ya pili, ya tatu, ya nne. Pande zote nane Jonah alizisikiliza ameinamisha kichwa, akiwanyamazisha waliopiga kelele karibu naye, na kila wimbo mpya ulipoanza aliinua uso kidogo. Kipkorir alimtazama akiinua uso hivyo mara saba, moyo ukimuuma kama jino bovu. Upande wa nane ulipokwisha, watu wakambeba Kipkorir juu juu kwa furaha.

Tecla alikuwa analia. "Uliapa, Kipkorir," akamwambia. "Mbele yangu uliapa."

Kipkorir akajinasua mikononi mwao, akanyakua gitaa, akauimba ubeti ule kwa sauti ya kupasua koo. Jina akalirudia mara tatu, machozi yakimtiririka. Watu wakashangilia, wakampigapiga Jonah mabegani. Jonah akainuka, akaweka ule mkono wake wa kidole kimoja juu ya nyuzi, nazo zikanyamaza.

"Wacha, ndugu yangu. Hawa watu wote wananijua," akasema polepole. "Mimi nilitaka wale hawanijui."

Akamshika mkewe mkono, wakatoka. Kipkorir alitaka kuwafuata, lakini watu walikuwa wamemzunguka, na Nyakundi alikuwa ameshaiweka tena ile santuri ya kwanza.