Siku Lweba Ilipoukimbia Msaada Wake

Mwaka 1956 serikali ya Wabelgiji, tuliyoiita Bulamatari, iligundua kwamba sisi pia ni watu. Iligundua kwa karatasi, kama kawaida yake. Karatasi yenyewe ilibandikwa Baraka, kwenye ukuta wa bureau, ofisi ya serikali: kuna mfuko wa kusaidia vijiji, kundi la wenyeji linalotaka msaada liandike jina lake, wanachama wake, kazi inayotakiwa, na nguvu watakazotoa wanachama wenyewe kwa hiari yao.

Kwa hiari yao! Nilisoma mara tatu. Serikali iliyotulimisha pamba kwa fimbo, iliyotupeleka msituni wakati wa vita kutafuta mpira, iliyomhesabu baba yangu pamoja na majembe, leo inauliza habari za hiari! Nilicheka peke yangu pale ukutani mpaka askari akanifukuza.

Lakini niliandika. Niliandika kwa ajili ya Anastasie, mdogo wangu.

Anastasie alijifunza ukunga miaka miwili kwa masista, akarudi kwetu Lweba na mkasi, beseni na ukali mwingi. Nyumba ya kufanyia kazi hakuwa nayo. Alizalisha wamama jikoni, katikati ya moshi na kuku, na aliyezidiwa alibebwa kwa tipoye, machela ya miti, hadi Baraka. Mwaka ule wawili hawakufika. Tena munganga wa serikali, yaani daktari, alikuwa amemwambia wazi: mvua za Septemba zikikuta hakuna nyumba yenye bati na sakafu ya saruji, atamhamishia Uvira.

"Yaya Placide," aliniambia, maana kwetu kaka mkubwa ni yaya, "tangu nizaliwe nakusikia unamutukana Bulamatari. Sasa umuombe kitu."

Basi tukaunda shirika. Wanachama arobaini na wawili: wavuvi, wakulima, na Rugema, mchunga ng'ombe wa mlimani ambaye mke wake alijifungua salama mikononi mwa Anastasie. Tuliandika kwamba kuta ni juu yetu, tutafyatua matofali na kuyachoma. Mfuko ulete mabati, saruji na milango. Jibu likaja: mkaguzi atafika Ijumaa awaone wanachama kwa macho yake, wakiwa kazini. Asipowaona, ombi linafungwa mwaka mzima.

Hapa lazima niseme kosa langu. Miaka ya mpira, nikiwa kijana, niliwafundisha wamama wa Lweba alama. Nyumba ya kwanza ukitoka darajani ni ya shangazi yangu Dorothée. Akiona kofia nyeupe juu ya motokari, anabadilisha mapigo ya mchi kwenye kinu: matatu, kimya, matatu. Jirani anapokea, na jirani wa jirani. Kabla gari halijamaliza daraja, hakuna mwanaume kijijini. Miaka kumi na mitatu alama ile haikukosea hata mara moja. Nilikuwa nimepanga kumwambia shangazi Alhamisi kwamba mgeni wa safari hii ni wetu.

Mkaguzi alikuja Jumatano.

Nilikuwa nyuma ya tanuri la matofali niliposikia vinu. Nikatoka mbio nikipunga mikono, napiga kelele: "Musikimbie! Ni wa bati! Ni wa bati!" Nilikuwa nawaambia migongo. Wakulima waliingia katika mihogo, wavuvi walisukuma mitumbwi ziwani, na Nicolas, mwekahazina wetu, mtu mwenye kitambi kikubwa, alinipita kama swala.

Gari likasimama. Akashuka Mbelgiji mwembamba, ambaye wamama walimpa jina palepale, Bwana Miwani. Nyuma yake alishuka Isidore, karani wa Baraka, suruali imepigwa pasi mpaka inaweza kukata mkate.

"Placide," Isidore akasema kwa sauti tamu, "uliandika batu makumi ine na mbili. Mi naona kuku ine."

"Wameenda kunawa mikono."

"Bote?"

"Ni batu ba usafi."

Nikamkimbilia shangazi. Alikuwa ameegemea mchi wake, anatabasamu kama aliyeshinda kesi.

"Shangazi, ulipiga?"

"Nilipiga muzuri, ao hapana? Bametoka mbio kupita mwaka ya mpira!"

"Huyu ni mugeni wetu!"

"Wewe mwenyewe ulinifundisha: ukiona kofia nyeupe, piga. Siku gani ulikuja kuniambia niache? Kwa mukutano muliikaa banaume peke yenu."

Nikapanda juu ya rundo la matofali nikaita kuelekea mlimani: "Rudini! Kuna bati!" Hakuna aliyetikisa jani. Ningewalaumuje? Zamani kapita, msimamizi wa kazi za mpira, aliita vilevile: rudini, kuna chumvi. Walioamini chumvi walirudi, wakaondoka na kamba shingoni.

Bwana Miwani akatazama saa. Akafungua karatasi yetu, akatoa kalamu.

Ndipo Anastasie akatoka jikoni, mikono yote unga. "Hawarudi kwa kuitwa," alimwambia Isidore. "Wanarudi wakisikia gari imeondoka. Ambia mugeni atume gari yake iende, yeye abaki."

"Nimuache muzungu wa serikali bila gari, kwa kijiji yenye imekimbia?"

"Unaogopa tutamukula?"

"Huyu?" shangazi akadakia kutoka darajani, maana sikio lake halikosi kitu. "Amekonda vile! Hata supu hatoshi."

Wamama wakaangua kicheko. Isidore alitafsiri, sijui alitafsiri nini, lakini Bwana Miwani alivua miwani, akaifuta kwa shati, akamwambia dereva neno moja. Gari likaondoka na vumbi lake kuelekea Lusenda.

Tukamkalisha kando ya tanuri, akapewa sombe ya majani ya mihogo na ndagala, dagaa wa ziwa letu. Alikula taratibu. Kisha akauliza, kupitia kwa Isidore, kwa nini watu wamekimbia msaada wao wenyewe.

Nikamwambia. Sikupunguza. Nilianza na pamba, nikataja fimbo kwa idadi, nikataja mpira, barabara, na baba yangu aliyerudi kutoka barabarani akiwa amelazwa juu ya mlango.

"Placide," Isidore akanong'ona, "hii inaweza kukutia gereza."

"Tafsiri."

Akatazama viatu vyake vinavyong'aa. "Baba yangu naye alikimbia," alisema polepole. "Alijificha Ubwari miezi mitano." Halafu akamgeukia mzungu akatafsiri yote, na nilisikia Kifaransa chake kikiendelea hata baada ya maneno yangu kwisha. Mimi niliyemwita kibaraka miaka sita!

Bwana Miwani aliweka sahani magotini, akaacha kula.

Kisha tukasikia vicheko. Wa kwanza kutoka katika mihogo alikuwa Rugema, amebeba viatu mkononi. Wavuvi walikuwa wanavuta mitumbwi ufukweni, wakisifiana jinsi walivyomshinda Bulamatari tena. Mbele yao alitembea Nicolas, kitambi mbele, kikapu kichwani badala ya kofia, akiiga: "Kazi! Kazi! Haraka, wavivu!" Alizunguka tanuri kwa madaha na kukutana uso kwa uso na Bwana Miwani.

Watu wote wakaganda. Kikapu kikaanguka.

Mzungu akamtazama kutoka miguuni hadi kichwani. "Wewe," alisema kwa Kiswahili chake kibovu, "natembea muzuri kupita mimi."

Sijawahi kusikia Lweba ikicheka vile. Shangazi Dorothée alilazimika kukaa chini. Kisha Anastasie akapiga makofi: "Basi! Matofali!" Na watu wakabeba, wenye majina na wasio na majina, wazee, wamama na watoto mgongoni, Rugema akibeba kumi kwa safari moja ili wavuvi wamwone. Mkaguzi aliwahesabu kwa kalamu hadi sitini na tatu, akaacha, kwa sababu Nicolas alipita mara tatu, kila mara na kofia nyingine.

Akatia sahihi juu ya goti lake.

Mwisho wa Agosti mabati yalifika Baraka. Tuliyabeba vichwani, safu ndefu ikiwaka jua kando ya ziwa, na wamama waliimba majina yetu ya matusi njia nzima. Langu silitaji hapa. Mvua ya kwanza ilikuta nyumba imesimama.

Kwa Wabelgiji sijasahau kitu, wala sijasamehe. Lakini asubuhi Constance, mke wa Nicolas, aliposhikwa na uchungu, aliingia kwa miguu yake katika nyumba yenye mlango na sakafu. Mimi, rais wa shirika, nikamfuata kwa heshima zote, nikitaka kuona saruji inavyong'aa.

"Inje!" Anastasie alinifokea. "Mukubwa wa shirika, inje! Kachote maji!"

Maisha yangu yote sikuwahi kutii amri ya mtu. Nilichukua ndoo mbili, nikaenda ziwani nikikimbia.