Kichupa cha Elinipa

"Kwa hiyo kuku wangu ndio wenye kosa?" Mama Reginald aliuliza, mikono kiunoni.

"Sijasema kuku. Nimesema kile kichupa kilikuwa changu."

"Kilikuwa kwenye friji yangu."

"Nilikuomba, mama. Ijumaa, hapo hapo mlangoni. Ukasema weka."

"Nilikuwa kwenye simu. Mimi nikiwa kwenye simu hata ukiniomba nyumba nitasema chukua."

Tulicheka, sisi tuliokuwa tunafua pale uani, Lemara. Elinipa hakucheka. Alikaa kizingitini, viatu mkononi, kama mtu aliyetembea kwa miguu kutoka Kikwe.

Kikwe ndiko anakofundisha sekondari. Alipewa ruhusa ya masomo ya miaka miwili. Inaisha Juni, na Mei hii tunaimaliza. Chuoni, upande wa Tengeru, anapima vipande vya koo vya wagonjwa wa saratani, na kilichobaki ni kipimo kimoja tu. Dawa ya kipimo hicho iliagizwa ng'ambo. Ya kwanza iliharibikia njiani kwa joto. Ya pili aliisubiri miezi minne, ikafika Ijumaa jioni maabara imeshafungwa, na chumbani kwake hana friji.

Sasa, Ijumaa hiyo hiyo, Ephraimu bwana mifugo alikuwa ameahidi kumwachia Mama Reginald chanjo ya mdondo, ule ugonjwa unaomaliza kuku. Leo Jumapili mama katoka misa ya kwanza, kafungua friji, kaona kichupa kidogo, akajua Ephraimu katimiza. Chanjo ya mdondo ni tone moja kwenye jicho la kuku. Akamkamata jogoo.

"Imeandikwa sungura," alijitetea. "Nikaona, kama haimuui sungura, kuku itamfanya nini? Tone la pili nikamtia tetea, ikaisha. Nikamsema Ephraimu bure, eti kaleta kidogo."

"Imetengenezwa kwa damu ya sungura," Elinipa alisema, sauti imemwisha. "Inaitwa kingamwili. Ndani ya seli kuna kimeng'enya kinachopitisha ujumbe, kinaiambia seli igawanyike. Kisiponyamaza, seli zinagawanyika tu, unapata uvimbe. Hiyo kingamwili inakwenda kukishika hicho peke yake, hata kiwe katikati ya maelfu. Bila hiyo sikioni."

"Kwa hiyo hicho kimeng'enya ni mbea, na wewe ulikuwa na wa kumkamata."

"Ndiyo."

"Na mimi nimemtia jogoo machoni."

Elinipa aliitikia kwa kichwa. Hapo ndipo Mama Reginald aliposhusha mikono. Mwanamke ambaye hatujawahi kumwona akiinamia taka za mtu aliimwaga ndoo ya taka juu ya gunia, akachambua maganda ya ndizi kwa vidole hadi akakipata kichupa. Kwa macho kilikuwa kitupu.

Elinipa akampigia Abdiel, fundi wa maabara, akaweka sauti kubwa. Tukafunga bomba tusikie.

"Kifuniko kimefungwa?" Abdiel aliuliza.

"Kimefungwa," Mama Reginald alijibu mwenyewe. "Mimi nafunga vitu."

"Basi msikifungue, msikioshe. Huwa inabaki kidogo kwenye kuta na kifunikoni. Kesho tutakizungusha kwenye mashine, yote iteremke chini. Kipimo chenyewe kinataka sehemu moja tu kwa elfu."

"Itatosha mara ngapi?" Elinipa aliuliza.

Abdiel akapiga hesabu. "Mara moja. Ya pili usiitegemee."

Simu ikakatwa. Mama Reginald akakifuta kichupa kwa kanga, akakirudisha kwenye friji, akatoka.

"Nilipanga kurudia mara tatu," Elinipa alisema. "Sasa ni mara moja. Mkono ukikosea, narudi Kikwe hivi hivi, miaka miwili bure."

Mama Reginald alikuwa anautazama mkono huo. Viatu vilikuwa vinatikisika.

"Umekula lini?"

"Jana. Mchana, nadhani."

"Na kesho ushike vitu vya tone moja kwa mkono huo?" Akavichukua viatu, akaviweka kando ya mlango wake. "Mtori wa ndizi umeiva, na nyama nimeiacha kubwa kubwa. Ingia ule, mwanangu."