Boma la Majambazi wa Dublin

Sandrine alimkataza baba yake asikanyage shuleni siku ya maonyesho. Alimwambia kwa Kiingereza, lakini Hyacinthe alielewa vizuri na ikamuuma. Alichotaka ni kitu kimoja tu: mtoto asimwonee haya.

Basi akajitia ufundi. Mwalimu alikuwa amemtaka Sandrine aunde mfano wa Dublin ya kale, mji wa bandari ya mtoni, huko Ireland, ulioanzishwa na majambazi wa baharini. Walikuja na merikebu, wakapora watawa, wakapapenda, wakakaa. Kisha, kwa kuogopa kuibiwa, wakajizungushia boma la udongo lenye uzio wa fito.

"Donc bezi njo balijenga lupango?" Hyacinthe alicheka kusikia wezi wanajenga ukuta, hadi chai ikamtoka puani. "Bale mi nabajua!"

Kila akitoka kazini ghalani, hapo Buffalo, Marekani, alikanda udongo kwenye sinki la jikoni. Juu ya boma akachomeka vipande vya chupa za bia. Mlokole mzima aliziokota kwenye pipa la jirani, akiomba mchungaji asipite. Kwao Bukavu, ukuta usio na chupa ni karibu-mwizi. Akalifunika kwa kitenge, akamkatalia Sandrine kuchungulia. Likawa zito, mtoto hawezi kulibeba. Ujanja wake ulikuwa huo.

Akalipeleka mwenyewe, amevaa suti ya kanisani. Kitenge kilipofunuliwa, darasa zima likacheka. Mwalimu akauliza kwa upole Dublin ilitoa wapi chupa za bia, na watu walipitia wapi. Hyacinthe akatazama. Kweli, hakuweka mlango. Aibu ikamshika, maana Sandrine alikuwa ameinamisha uso.

"Mulango iko wapi, Papa?" Sandrine akanong'ona, safari hii kwa Kiswahili.

"Bale bezi balitufukuza kwetu, bakabakia mu nyumba yetu, bakajenga lupango na machupa juu. Ulikuwa ungali mutoto muchanga. Bon, mi niliionaga toka inje tu. Mulango sikuione wazi hata siku moja."

Sandrine hakuwa amewahi kuambiwa. Aliinuka, akawatafsiria wenzake yote, na hakuna aliyecheka. Kisha akachukua rula, akatoboa boma upande wa mto. Udongo ukamwagikia zulia la mwalimu.

"Ingia, Papa," akasema.