Vigelegele Marufuku

Binti yangu Makena, mwenye miaka kumi na mmoja, hucheza ngoma ya Kiairishi. Usiniulize ilianzaje. Ni ngoma ya miguu tu. Mikono hulazwa ubavuni kana kwamba imekatazwa kushika kitu. Mwezi wa saba kikundi chake kilialikwa kwenye tamasha la wikendi katika mji mdogo wa mashambani, mwendo wa saa mbili kutoka kwetu Roseville, huku ughaibuni, na yeye akapewa kucheza peke yake kwa mara ya kwanza.

"Mum, please, usipige vigelegele," aliniambia Ijumaa. "Na uambie watu wa church. At competitions nobody makes noise. Judges hate it."

Niliudhika. Mimi huwapigia vigelegele hata wahitimu wa unesi nisiowajua. Lakini niliona anavyoogopa kuaibishwa, nikakubali. Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho.

Makena alitangulia na kikundi chake. Sisi tulimfuata watu kumi na mmoja, maana kwetu mtoto hatazamwi na mzazi mmoja. Tulichelewa, bila shaka. Dada yangu Velma alikuwa anamalizia chapati. Tuliingia hemani Makena akipanda jukwaani, tukaketi mbele na vitenge vyetu, mikono mapajani.

Alicheza. Jamani, mtoto alicheza. Kigelegele kilinikaba kooni mpaka machozi yakanitoka, na sikukitoa. Mume wangu Jairus aliinamia viatu vyake. Hema zima lilikuwa kimya, nikawaza kwamba watu hawa wana adabu ya ajabu. Makena alipomaliza aliinama, akangoja kidogo, akashuka.

Akapanda msichana mwingine. Hata hajainua mguu, hema likalipuka kwa miluzi na makofi, wazee wakigonga meza kwa vikombe. Nikageuka kumtazama bibi aliyeketi nyuma yangu.

"Kwa mtoto wenu tulinyamaza makusudi," aliniambia kwa Kiingereza, kwa upole mwingi. "Tuliwaona mmekaa vile, tukadhani ndiyo heshima ya kwenu."

Nikamuuliza majaji wako wapi. Akacheka. Hapakuwa na majaji wala mashindano, ilikuwa sherehe tu.

Nadhani Velma ndiye aliyeanza. Alikuwa amejibana kupita kiasi, na msichana yule aliporuka, kigelegele kikamponyoka. Jirani yetu Gitonga akadakia kwa mluzi. Nami, Mungu anisamehe, koo lilifunguka lenyewe. Tulisimama wote kumi na mmoja, tukamshangilia mtoto wa watu mpaka turubai likatikisika.

Makena alikuwa kando ya jukwaa, chupa ya maji mkononi, akitutazama. Nilimkimbilia, nikataka kumkumbatia. Akarudi nyuma hatua moja.

"Kumbe mnaweza," alisema.