Kamera ya Jicho Moja

Kwa miaka ishirini na mitano Fundi alikuwa amewashonea watu, na nguo zote zilikuwa zimeondoka na wenyewe. Hakuwa na hata moja ya kumwonyesha mteja mpya. Ndipo alipokata shauri anunue kamera, tena kamera hasa, yenye lenzi ya kuchomoa, apige picha kila gauni kabla halijatoka mlangoni.

Jambo moja tu lilimnyima raha, wala hakumwambia mtu. Jicho lake la kushoto lilikuwa limekufa zamani. La kulia ndilo lililobaki kutunga uzi, na siku hizi lilianza kutoa machozi.

"Wanaoanza huchukua moja ya hizi," muuzaji wa duka la kamera alisema, akiweka mbili juu ya kaunta. "Hii nyepesi, na hii ina kishikio kinene."

Fundi akazipima mkononi kama anavyopima mikasi. Akashika hii, akaiacha, akashika ile, akairudia ya kwanza. Robo saa nzima ikapita.

"Mchagua nazi hupata koroma," mumewe aliyemsindikiza akamchokoza. Alikuwa mwalimu mstaafu, ila methali zake hazikustaafu.

"Wewe nilikuchagua haraka haraka, na ona nilichopata!"

Muuzaji akacheka. Fundi akainua ile yenye kishikio kinene, akatazama kwenye kitundu cha kuchungulia. Ukungu mtupu. Akaifuta lenzi kwa upindo wa gauni, akatazama tena. Ukungu uleule.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ndogo, "na hili jicho limekwenda."

 Mwalimu akamshika mkono tu.

"Mama, una miwani?" muuzaji akauliza.

"Ya kutungia uzi. Nimeiacha kwenye cherehani."

"Basi jicho halina neno. Kuna kigurudumu kidogo hapa, kando ya kitundu. Mteja wa asubuhi alikizungusha kufuata macho yake. Wewe zungusha kufuata yako, polepole."

Fundi akazungusha. Ukungu ukapungua, ukaisha, na mbele yake ikasimama kola ya shati la mumewe, safi, uzi kwa uzi. Alishusha pumzi mpaka akacheka peke yake. Kisha akakunja uso. Kola ilikuwa imepinda, upande mmoja umeuzidi mwenzake, kazi ya mtu anayejifunza. Shati lenyewe alikuwa amelifua na kulipiga pasi miaka yote, lakini hakuwahi kulitazama.

"Mwalimu, hili shati si lile la kwanza kabisa kukushonea, nililokuambia ulitupe?"

"Ndilo."

"Na kola imepinda hivi, ukanyamaza?"

"Ningesema, ungelifumua."

Machozi yakamlengalenga Fundi jichoni, na safari hii hakuogopa.

"Tunachukua hii," akamwambia muuzaji, kamera ikiwa bado usoni. "Na wewe, Mwalimu, usiinyooshe hiyo kola." Akabonyeza.