Kidonge cha Kaka

"Tupa hicho, Mama Kioo!" mwenzake wa maabara alisema, mikono imejaa maboksi. "Kina vumbi la miaka tisa. Unakibembeleza cha nini?"

Mama Kioo alikipangusa kwa kidole gumba. Jina hilo walimpa kwa sababu chuma alichokisugua yeye ungeweza kujitazama ukachana nywele. Leo maabara ilikuwa inahama, makabati yanamwagwa, naye ameshika kidonge cha plastiki ngumu, kipana kama kifuniko cha soda, katikati yake kipande cha aloi ya platini, yaani platini iliyochanganywa na metali nyingine. Pembeni kulikuwa na mwandiko wake: ugumu, mia na tisini. Aloi yenyewe aliiyeyusha kaka yake.

Miaka tisa nyuma pete za aloi hiyo zilipasuka kwenye karakana yao. Mkuu alitaka jibu upesi, akasimama mlangoni akitazama saa. Sasa platini ni laini, tena inanata. Ukiisaga kwa pupa uso wake unajipaka wenyewe, unafanya sugu, na kilicho chini hukioni. Lazima usugue, uchovye kwenye asidi na kupitisha umeme, usugue tena, uchovye tena. Kaka ndiye aliyemfundisha hayo. Siku ile Mama Kioo alichovya mara moja tu. Kwenye hadubini akaona ukungu, akaupima ukungu huohuo, akaandika: aloi ngumu mno, imeharibikia tanuruni. Kaka akaambiwa afungashe vifaa vyake. Hakubisha hata neno moja.

Mama Kioo alivaa aproni. Maboksi yangesubiri. Alisugua, akachovya, akasugua, akachovya. Mara ya nne ukungu ukaondoka na chembe za metali zikajitokeza, ndogo, zimekaa sawasawa, bila tundu hata moja. Akashusha ncha ya almasi ya mashine ya kupimia. Ikaacha alama ya mraba isiyoonekana kwa macho. Akaipima pembe kwa pembe. Ugumu ulitoka mia na kumi na tano, si mia na tisini. Akarudia. Akarudia tena, huku akitamani mashine imkatalie. Wapi! Aloi ilikuwa nzuri. Waliozikunja pete ndio waliozipasua.

"Nimemmaliza kaka yangu," alisema, na mwenzake akaweka boksi chini.

Mchana huohuo alimkuta kaka chumbani kwake, akibadilisha zipu ya begi. Siku hizi hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Leo umepotea njia, mdogo wangu?"

Alikiweka kidonge mezani, akamweleza yote, bila kuzunguka. Alijiandaa kutukanwa. Angetukanwa angepumua.

"Chembe zilikuwaje?" kaka aliuliza.

"Ndogo. Sawasawa. Sijaona nzuri kama hizo tangu nianze kazi."

Kidole cha kaka kilisimama kwenye zipu.

"Mbona hukukataa?" Sauti ya Mama Kioo ilipanda yenyewe. "Ungesema nipime upya, kaka! Ungenigombeza tu!"

"Nikatae vipi, na umepima wewe?" Alisema bila hasira, na hapo ndipo palipomchoma. "Angepima mwingine ningewasha moto pale. Lakini wewe nilikufundisha mwenyewe. Nikajua mikono yangu imekwisha. Karakana mbili zimekuja kuniita hapa, zote nimeziambia hivyohivyo, mikono imekwisha."

"Nisamehe, kaka."

Kaka alikichukua kidonge akakielekeza dirishani, akakisogeza karibu na jicho, akakirudisha mbali. Bila hadubini usingeona kitu pale ila kioo. Alikitazama muda mrefu hata hivyo. Kisha akakiweka mezani, taratibu, akafungua viganja vyake viwili kwenye mwanga wa dirisha, akaanza kuvikagua, kimoja baada ya kingine. Zipu ilibaki wazi nusu.